Punda wa Umau Walikuwa Metro Kuliko Treni Yetu

Naanza na punda, halafu tutafika kwa treni. Nivumilieni.

Kwetu ni Mbumbuni, Makueni, upande wa Mbooni. Nimezaliwa huko na nimesomea huko mpaka fomu foo. Umau, yaani babu yangu mzaa baba, alikuwa na mkokoteni wa kusomba maji uliovutwa na punda wawili. Ubavuni, kwa rangi nyeupe iliyobaki baada ya kupaka madirisha ya kanisa, alikuwa ameandika METRO.

Jina lilitoka redioni. Mwaka 2008, serikali ya mseto ilipoundwa, kulizuka wizara mpya ya Nairobi Metropolitan, na waziri wake wa kwanza akawa Mutula Kilonzo, mbunge wa Mbooni. Mbunge wetu sisi! Wazee wa sokoni wakaanza kuulizana hiyo metro ni mnyama gani. Mwalimu mmoja mstaafu akawaeleza kwamba metro ni treni ya mjini, na kwamba nchi zingine inapita chini ya ardhi kama fuko. Ukweli ni kwamba wizara ilikuwa ya jiji lote na viunga vyake, barabara, maji, nyumba, kila kitu, sio treni peke yake. Lakini nani angemsahihisha mwalimu mbele ya watu? Kwa hesabu ya sokoni ilikuwa rahisi: kama waziri wa metro ni wa kwetu, lazima treni ipite Mbumbuni kwanza, hao wengine wangoje.

Mwaka uliofuata Mutula akapelekwa Wizara ya Sheria. Umau aliposikia akacheka mpaka akakohoa, akasema basi metro ya Mbumbuni ataianzisha yeye. Ndiyo akachukua brashi.

Sasa sikia jinsi Metro ya umau ilivyofanya kazi, kwa sababu nitaihitaji mbele. Hakuna mtu aliyeuliza inapita saa ngapi. Mama aliweka mitungi yake kando ya barabara, akaenda shambani. Punda wakipita, umau anabeba mitungi, anaenda mtoni, anajaza, anairudisha palepale. Kama hujatoa mitungi raundi hii, kuna raundi ijayo. Alianza kabla jua halijatoka na aliacha giza likiingia. Mwaitu, mama yangu, hakuwahi kupanga siku yake kufuata punda. Alipanga siku yake, punda wakapita.

Hiyo ndiyo maana ya metro, buda. Nimechukua miaka mingi kuielewa.

Tulikuja Nairobi 2021, mimi na binamu yangu. Ile KCSE ya 2020 iliyosukumwa na korona tuliifanya Machi na Aprili 2021, na mwezi wa tano nilikuwa tayari Mlolongo na begi moja. Binamu alikuwa amenitangulia shule kwa miaka miwili na alikuwa ameshachoka kukaa nyumbani. Tukakodi chumba kimoja cha mabati, shilingi 4,500 kwa mwezi, stima ndani, choo nje.

Wakati huo Mombasa Road ilikuwa imepasuliwa tumbo. Nairobi Expressway ilikuwa inajengwa, kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, na sisi tulikuwa tunalala kwenye mkia wake. Vumbi lilikuwa linaingia mpaka kwa ugali. Binamu akapata kibarua cha kufunga vyuma, zile nondo za ndani ya nguzo kabla simiti haijamwagwa. Alikuwa anarudi mikono imechubuka lakini ana furaha, kwa sababu ilikuwa pesa ya kila wiki, na kwetu pesa ya kila wiki haijulikani. Alituma nyumbani mpaka wakaweka tanki la maji. Nasema hivyo mapema ili usidhani nimekuja hapa kutukana barabara. Barabara ilitulisha.

Mimi nilipata kazi kwa duka la vifaa vya simu mjini. Siku ya kwanza nilipanda mathree saa kumi na moja na nusu asubuhi nikafika saa mbili. Bosi akaniangalia, akaangalia saa, hakusema kitu. Siku ya pili mlinzi wa ploti akaniuliza, kwani wewe hujui treni?

Sikujua treni. Nilitoka Mlolongo na boda mpaka kituo cha Syokimau, nikanunua tikiti, nikakaa. Nitakuambia nilichohisi bila aibu: nilihisi nimefika Nairobi. Treni haina makanga wa kukupigia mlango mgongoni. Inapita nyuma ya jiji, unaona nguo zilizoanikwa, unaona Mukuru kwa mgongo, unaona viwanda vya Industrial Area vinavyotoa moshi kabla wenyewe hawajaamka. Imara Daima, Makadara, halafu unashukia katikati ya mji. Mbele yako watu wa mathree wako kwenye jam, na wewe umeshakunywa chai.

Na jina lenyewe la kituo ni letu. Kila mtoto wa Ukambani ameambiwa habari za Syokimau, nabii wa kike aliyeona mambo kabla hayajatokea: kwamba nyoka mrefu atapita nchini akitema moshi, kutoka maji mpaka maji, na watakuja watu wenye ngozi ya ajabu wakibeba moto mifukoni. Reli ikaanza Mombasa 1896, ikafika hapa palipokuwa tinga-tinga la maji na nyasi 1899, ndiyo Nairobi ikazaliwa. Yaani mji huu ulikuwa kituo cha reli kabla haujawa mji. Kila kitu kingine, bunge, maduka, jam, kilikuja kikaijenga stesheni kando.

Kituo cha Syokimau tunachokipanda leo kilifunguliwa na Rais Kibaki Novemba 2012. Ukifika, kitu cha kwanza utakachoona ni nafasi kubwa ya kuegesha magari. Wazo lilikuwa uache gari lako hapo, upande treni. Ni wazo zuri kwa mtu aliye na gari. Mimi nilikuwa na viatu. Nilikuwa nalipa boda kufika kituoni pesa nyingi kuliko tikiti ya treni yenyewe, na siku sina ya boda natembea kwenye giza kando ya malori. Sikuwa nalalamika wakati huo. Nilidhani hivyo ndivyo treni zilivyo.

Shida ilikuwa jioni. Treni za abiria za Nairobi zimepangwa kama mtu wa ofisini: asubuhi zinaingia mjini, jioni zinatoka. Ukiwa unatoka kazini saa kumi na moja, ni sawa. Duka letu lilifungwa saa mbili usiku. Kwa hivyo asubuhi nilikuwa mtu wa treni na usiku nilikuwa mtu wa mathree kama kila mtu mwingine, nimebanwa kwa kiti cha nyuma na mzigo wa mwenyewe hajulikani.

Mei 2022 magari yakaanza kupita juu ya Expressway. Kibarua cha binamu kikaisha. Akazunguka miezi, akapata kazi kwa godauni moja upande wa pili wa Mombasa Road, kupakia na kupakua. Sitaitaja. Alikuwa anatoka saa tatu usiku.

Usiku mmoja wa 2023 alitoka kazini, akafika kando ya barabara. Daraja la watembea kwa miguu lilikuwepo, ila mbali, na kulifikia ilikuwa urudi nyuma gizani mahali ambapo watu wanaporwa simu. Steji ilikuwa mbele yake, ng'ambo ya barabara tu, mathree imesimama inaita. Akahesabu magari. Akavuka nusu. Nusu ya pili gari ikamchukua mguu na haikusimama.

Watu wa bodaboda ndio walimbeba. Nilipofika hospitali alikuwa anatetemeka, na nakumbuka aliniambia nimpigie msimamizi wa godauni kwamba kesho atachelewa. Kuchelewa! Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Alilala wodi wiki kadhaa. Jioni moja, dirisha liko wazi, tukasikia honi ya treni kwa mbali. Akaniuliza, "Hiyo treni kwani inalala saa ngapi?"

Nikamwambia ile ya Syokimau ya mwisho imeshaenda.

"Na reli si iko pale tu nyuma ya godauni?"

Iko. Ilikuwa iko pale siku ile pia. Reli ya zamani inaenda sambamba na Mombasa Road, unaweza kuirushia jiwe. Kama saa tatu usiku kungekuwa na treni, na kama kungekuwa na kituo mahali watu wa magodauni wanatokea, binamu yangu hangekuwa na haja ya kuvuka kitu. Swali lake lilinikaa kichwani mpaka nikaanza kuulizauliza na kusoma. Ndiyo sababu leo unasoma hii badala ya mapitio ya simu mpya.

Nilichoelewa ni hiki. Sehemu kubwa ya hiyo reli ya mkoloni ni njia moja. Treni inayoenda na inayorudi zinatumia vyuma vilevile, kwa hivyo haziwezi kupishana popote, mpaka moja ingoje kwenye kituo chenye njia ya pembeni. Ongeza treni za mizigo. Ongeza mahali ambapo barabara inakata reli, na soko lililoota juu ya reli yenyewe. Ukitaka treni kila dakika kumi, huwezi tu kununua treni zaidi. Unahitaji njia ya pili ya reli, ishara za kisasa, karakana, na uzio. Na ukitaka njia ya pili unahitaji ardhi ya kando, na ardhi ya kando Nairobi kila mtu anajua imeenda wapi. Pale Kibera na Mukuru watu walikuwa wamejenga mpaka karibu na reli kiasi kwamba ikabidi kuwe na mradi mzima wa kuwajengea kwingine na kuwahamisha.

Kwa hivyo jibu la swali la binamu ni refu na linachosha. Halifai kwa video ya sekunde 60, nimejaribu.

Lakini kuna kitu kimoja nilikiona nikiwa nasoma, na hapa ndipo nataka tubishane. Kwa miaka hii yote Nairobi haijakosa mipango. Tena ina mipango mizuri yenye majina matamu. NAMATA ilianzishwa 2017 kusimamia usafiri wa Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Wakachora njia tano za BRT, yaani mabasi makubwa yenye njia yao wenyewe, wakazipa majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru, Nyati. Ndovu ndiyo ya Mombasa Road, ya kwetu. Mwaka 2019 Thika Road ikapakwa mstari mwekundu, tukaambiwa basi linakuja. Basi halikuja. Rangi ikafifia, mathree zikaendelea kupita juu yake, halafu baadaye nguzo za vituo zikaanza kuota katikati ya barabara. Mimi nilikuwa bado shule wakati wa ile rangi, niliiona kwa habari, na umau akaniuliza kama Nairobi siku hizi wanapaka barabara rangi ili wasafiri wafike haraka.

Treni pia zimeguswa. Mwaka 2020 zililetwa zile treni za dizeli zilizotumika Hispania, zikakarabatiwa, ndizo nyingi wetu tunapanda. Kuna watu walicheka kwamba tumenunua mtumba. Mimi navaa mtumba kutoka kichwani mpaka miguuni, sioni kosa. Kosa ni kwamba mtumba huo umewekwa kwenye ratiba ya mtu anayetoka kazini saa kumi na moja.

Na SGR? Ilizinduliwa 31 Mei 2017, inapita Makueni yetu, inasimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Ikifika Nairobi haifiki Nairobi. Inakushusha Syokimau, halafu upande treni nyingine ya zamani kuingia mjini. Nimewahi kumpokea mwaitu pale, ametoka kwa shangazi Mombasa, ana ndoo ya maembe na mkoba. Alidhani amefika. Nilipomwambia bado kuna treni nyingine alikaa kwanza chini juu ya ile ndoo.

Unaona zote zinafanana wapi? Kila mradi unachorwa kutoka katikati. Mtu anaanza na ramani, anachora mstari kutoka hapa mpaka pale, mstari unakuwa na rangi, na jina, na siku ya kukata utepe. Hakuna anayeanza kwa mlango wa mtu. Nairobi safari nyingi ni za miguu na za mathree, sio za magari ya watu binafsi, hiyo iko wazi hata ukisimama tu pale Muthurwa saa kumi na mbili asubuhi. Ukipanga reli ya mji kama huu, swali la kwanza lingekuwa: huyu anayetembea anatokea wapi, saa ngapi, na atavuka nini kabla hajafika kituoni? Halafu ndiyo uchore mstari.

Kuna mtu ataniambia hizo ni ndoto, Afrika hatuwezi metro. Cairo wana metro tangu 1987. Addis Ababa walifungua reli yao ya mjini 2015, na ingawa baadaye treni nyingi zilisimama kwa kukosa vipuri, walikuwa wameijenga. Lagos ndiyo hadithi ninayoipenda, kwa sababu inauma kama yetu. Walipanga reli ya mji mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ya kijeshi ikaifuta 1985, na abiria wa kwanza wakaja kupanda Blue Line Septemba 2023. Mtu aliyekuwa na umri wangu wakati wa mpango wa kwanza aliipanda akiwa mzee. Na Dar, ambao hawakungoja treni, mwendokasi yao ya mabasi ilianza 2016. Ina shida zake, ukiwauliza watu wa Kimara watakujibu kwa sauti, foleni ni za kutisha. Lakini wanagombana kuhusu basi ambalo lipo.

Ngoja pia niseme ukweli ambao haunisaidii. Nimewahi kupanda Expressway. Rafiki alinipa lifti usiku kutoka Mlolongo mpaka Westlands, vioo viko chini, muziki, jiji lote linawaka pembeni. Niliipenda. Niliirekodi. Ile video ndiyo iliyotazamwa sana kuliko zote nilizowahi kuweka. Na nikiwa juu pale, mahali fulani, nilipita juu ya ile sehemu ya barabara ambapo binamu alikuja kugongwa miezi michache baadaye. Kutoka juu huoni mtu anayevuka. Unaona taa tu.

Mjomba wangu naye hataki kusikia habari za metro kabisa. Ni dereva wa mathree, ameendesha miaka 19, na kila nikitaja treni ananiuliza kama treni itamlipia mtoto wake karo. Sina jibu zuri. Nimemwambia treni ikija watu bado watahitaji gari la kuwatoa mlangoni mpaka kituoni, kwamba kazi itakuwa fupi lakini ipo, raundi nyingi ndogondogo kama punda wa umau. Akasema, "Mjomba, mimi si punda." Tukaacha hapo. Lakini kama kweli wanapanga, mtu kama yeye anafaa kuwa kwenye kile kikao siku ya kwanza, sio kusikia kwa redio kwamba steji yake imefungwa. Mliokuwa Nairobi Desemba 2018, mathree zilipozuiwa kuingia katikati ya mji, mnakumbuka: wazee na akina mama wajawazito wakitembea Thika Road na Haile Selassie na mizigo, na amri ikaondolewa haraka kabla hata haijazoeleka.

Sasa habari ya mjini ni reli mpya ya kutoka Riruta kwenda Ngong, kama kilomita 12, kupitia Lenana, Karen na Bulbul. Nimeona watu wangu wa Ngong wakishangilia, na mimi nawashangilia. Lakini kabla hujaanza kuimba, uliza maswali ya mtu wa miguu. Treni ngapi kwa saa, sio ngapi kwa siku? Ya mwisho inatoka saa ngapi? Ni njia moja au mbili? Anayeishi kilomita mbili kutoka kituoni atafikaje, na je, njia hiyo ina taa? Haya sio maswali ya mainjinia peke yao. Huu ndio wakati wa kuyauliza, mchanga ukiwa bado unamwagwa. Baada ya utepe kukatwa utajibiwa kwamba ratiba ni hiyo.

Nilimrudisha binamu nyumbani mwisho wa mwezi ule. Tulilipia viti viwili, mguu wake ulikaa kwenye kimoja. Kutoka Machakos kwenda juu barabara inazunguka milima, na kila kona alikuwa anashika chuma cha kiti mbele yake na kufunga macho. Mbumbuni ilikuwa siku ya soko. Umau alikuwa ameshatutoka wakati huo, punda waliuzwa, lakini mkokoteni uko bado nyuma ya nyumba, umeegemea mwembe, herufi zimebaki M na T. Mwaitu alimwangalia binamu akishuka na magongo, hakulia mbele yake. Alienda jikoni kwanza.

Sasa anatengeneza simu pale sokoni. Vipuri namtumia mimi kutoka mjini. Anafanya vizuri, pengine kunishinda.

Mwezi uliopita alikuja Nairobi kutolewa chuma cha mguuni. Tulikuwa tumepanga vizuri: tutoke kliniki mapema, tupande treni ya jioni tukalale kwangu, awe ametembea kidogo iwezekanavyo. Alikuwa hajawahi kuipanda, miaka yote hiyo. Foleni ya hospitali ikawa foleni ya hospitali. Tulifika stesheni tukiwa tunakimbia jinsi mtu mwenye fimbo anavyoweza kukimbia, tukakuta lango limefungwa nusu na askari anafagia.

"Imeenda," akasema. "Ni kesho asubuhi, na hiyo ya asubuhi inakuja huku, haiendi huko."

Tukachukua mathree. Ilitushusha upande usio wetu. Safari hii hakuna aliyesema tuvuke chini. Tulirudi nyuma mpaka kwa daraja, tukapanda taratibu, anapumzika kila baada ya hatua kumi. Pale juu Expressway iko karibu sana, nguzo yake imesimama hapo kando kama mti mnene. Akasimama, akaegemeza fimbo, akaipiga kofi ile nguzo mara mbili kama mtu anayempiga ng'ombe wake mgongoni.

"Hii tulifunga sisi," akasema. "Siku tatu."

Magari yalikuwa yanapita juu na chini. Alivuta pumzi, akachukua fimbo, tukaanza kushuka upande wa pili.